Kuvunjika Mgongo Si Miguu Tu

Habari za migodini katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita hufika kwa hesabu: wangapi wamefukiwa, wangapi wametolewa, wangapi wamezikwa. Aprili 2015 mvua kubwa iliporomosha maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, huko Kalole, si mbali na mgodi wa Bulyanhulu, na watu 19 wakafa. Oktoba mwaka huohuo kifusi kiliziba duara la Nyangalata, Kahama. Wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41 wakiwa wameishi kwa mizizi, mende na vyura. Mwenzao mmoja alifia humohumo. Januari 2017 wachimbaji 15 waliokolewa wakiwa hai mkoani Geita. Agosti 2025 ikawa zamu ya Nyandolwa, Shinyanga, walikofukiwa watu 25.

Hesabu hizo zina pengo. Hazimtaji kijana wa Kakola, jirani na Bulyanhulu, aliyeteleza kwenye kamba akatua kwa makalio chini ya duara, wala yule aliyeinama kujaza mfuko jiwe likamshukia kiunoni, wala dereva wa bodaboda aliyerushwa mtaroni usiku akitoka mwaloni, panapochenjuliwa dhahabu. Ajali ya mtu mmoja haiiti waandishi wa habari. Huyo hupakiwa kwenye gari lolote lililopatikana, akapelekwa Kahama, na akizidiwa akapewa rufaa kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza. Huko ndugu zake wataulizana swali moja tangu asubuhi hadi jioni: atatembea tena?

Ni swali la haki, lakini si hilo linaloamua kama atakuwa hai mwakani. Mwaka 2004 mtafiti wa Marekani, Kim Anderson, ambaye mwenyewe aliumia uti wa mgongo akiwa kijana, alichapisha majibu ya watu 681 wenye majeraha kama yake. Aliwauliza ni kitu gani kikirudi kingeyabadilisha maisha yao zaidi. Waliopooza mikono na miguu walitaja kwanza mikono. Waliopooza miguu tu walitaja kwanza uwezo wa tendo la ndoa. Kibofu na utumbo vilikuwa juu katika orodha za makundi yote mawili, na kutembea hakukushika nafasi ya kwanza kokote. Wenye mgongo uliovunjika wanajua jambo ambalo jamaa zao bado hawajaliona: mtu anaweza kuishi miaka mingi bila kusimama, lakini hawezi kuishi wiki nyingi bila kumeza vizuri na kupata choo.

Ili kuelewa kinachotokea, yafaa kuanzia ndani ya mifupa. Pingili za mgongo zimepangana kuanzia shingoni hadi kwenye nyonga, na katikati yake unapita ugwe wa neva, mnene kiasi cha kidole kidogo cha mkono. Watu wengi hudhani ugwe huo unafika hadi mwisho wa mgongo. Haufiki. Kwa mtu mzima unakomea karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na kutoka hapo inaendelea mishipa membamba ya fahamu iliyoning'inia. Ncha ile ya ugwe ni ndogo, lakini ndiko vilipo vituo vya kibofu, vya sehemu ya mwisho ya utumbo mpana na vya misuli inayofunga mlango wa haja kubwa. Bahati mbaya ni kwamba mtu anayeanguka kutoka juu akatua kwa makalio au kwa nyayo huvunjika mara nyingi hapohapo, mahali kifua kinapoungana na kiuno.

Njia ya chakula yenyewe haisubiri amri kwa kila kitu. Ukuta wake, kuanzia umio hadi mwisho wa utumbo mpana, una mtandao wake wa neva, mamia ya mamilioni ya seli, unaoweza kusukuma na kuchanganya chakula hata mawasiliano na ubongo yakikatika. Mchimbaji ataelewa haraka: kamba ya duara ikikatika katikati, walio chini hawafi papo hapo, wanaendelea kuchimba, ila hawajui lini waache wala lini wapandishwe. Utumbo wa aliyevunjika mgongo ndivyo ulivyo. Unafanya kazi, lakini polepole na bila kupokea amri kwa wakati. Chakula ambacho kwa mtu mzima mwenye afya hupita ndani ya siku moja hadi tatu, kwake kinaweza kuchukua muda mara mbili ya huo au zaidi.

Kuna neva moja inayoponyoka kwenye ajali nyingi za mgongo. Inaitwa vagasi. Inatoka kwenye shina la ubongo na kushuka shingoni kandokando ya mishipa mikubwa ya damu, bila kupita ndani ya pingili, kisha inahudumia tumbo, utumbo mwembamba na sehemu ya kwanza ya utumbo mpana. Ndiyo maana aliyevunjika kiuno husikia njaa, hula na kusaga chakula bila shida kubwa. Taabu yake inaanzia upande wa kushoto wa tumbo, utumbo mpana unapoteremka kuelekea nje.

Siku za mwanzo zina hatari za pekee. Ugwe ukishapigwa huingia katika mshtuko: misuli iliyo chini ya jeraha hulegea na utumbo nao hunyamaza, mara nyingi kwa siku kadhaa. Tumbo hujaa hewa na kuvimba kama ngoma. Ndugu wanafika na hotipoti ya ugali na sato, maana katika malezi ya Kisukuma na ya Watanzania wengi, mgonjwa asiyekula ni mgonjwa anayeachwa afe. Muuguzi anakataza, na kunatokea ugomvi wodini. Muuguzi yuko sahihi. Chakula kikiingia kwenye tumbo lisilosukuma hurudi juu, na mtu aliyelazwa chali bila nguvu ya kukohoa hutapika na kuvuta matapishi mapafuni. Atakula pale daktari atakapoweka kipimo tumboni na kusikia matumbo yakinguruma.

Hatari nyingine ya siku hizo ni ya kimyakimya. Aliyekufa ganzi kuanzia kifuani hasikii maumivu ya tumbo. Bandama ikipasuka, au utumbo ukitoboka kwa kishindo cha jiwe, hatalalamika. Tumbo litavimba, mapigo yatakwenda mbio, pengine bega litauma bila sababu inayoonekana. Na si siku za ajali tu. Miaka mitano baadaye kidole tumbo au homa ya matumbo vinaweza kumfikisha pabaya mtu huyohuyo bila yeye kusema hata mara moja kwamba tumbo linamuuma. Mganga wa zahanati anayempokea hana budi kuambiwa mapema kwamba tumbo hilo halina hisia.

Mshtuko ukipita, utumbo huonyesha sura yake ya kudumu, na sura hizo ziko mbili. Tofauti hii ndogo ndiyo kiini cha matunzo yote, na ni jambo la kusikitisha kwamba wagonjwa wengi huruhusiwa kurudi nyumbani bila kuambiwa wao ni wa kundi lipi.

Jeraha likiwa juu ya ile ncha ya ugwe, tuseme shingoni au katikati ya kifua, kituo cha chini kinabaki kizima ila hakipokei amri kutoka ubongoni. Msuli wa mlango wa haja kubwa hubana na kukaza. Kinyesi kinajikusanya, hakitoki kwa hiari, lakini kinaweza kutolewa kwa kuuamsha mwitikio wa asili: kidole chenye glavu na mafuta ya kulainisha kikizungushwa taratibu ndani ya mlango kwa sekunde 15 hadi 20, msuli huachia na utumbo husukuma. Zoezi hilo hurudiwa kila baada ya dakika tano hadi kumi mpaka choo kiishe. Kwa mgonjwa huyu choo laini chenye umbo ndicho kinachofaa, na mara moja kila siku au kila baada ya siku moja inatosha.

Jeraha likiwa kwenye ncha yenyewe au kwenye mishipa iliyo chini yake, kituo kimeharibika. Hakuna mwitikio wa kuamsha. Msuli umelegea na mlango hauzuii kitu, kwa hiyo kinyesi huchuruzika kila mgonjwa anapogeuzwa, anapokohoa au kuhamishwa kutoka kitandani. Kuzungusha kidole hakusaidii hapa. Inabidi kinyesi kitolewe kwa kidole, taratibu, kila siku na pengine mara mbili, na kiwe kigumu kidogo ili kisivuje. Dawa ya kulainisha choo inayomfaa mgonjwa wa kwanza inaweza kumfedhehesha huyu wa pili mbele ya wageni. Waliotua kwa makalio chini ya maduara wengi wao huangukia kundi hili.

Saa ya kufanya kazi hiyo huchaguliwa na mwili. Tumbo likipokea chakula, hasa cha moto, utumbo mpana nao hushtuka na kuanza kusukuma. Kila mama aliyewahi kumnyonyesha mtoto akachafua nepi hapohapo anaujua mpango huo. Basi mgonjwa hunywa chai au uji asubuhi, husubiri kama nusu saa, kisha huketi kwenye kiti chenye tundu au hulazwa ubavu wa kushoto, maana huko ndiko utumbo unakoteremkia. Tumbo husuguliwa kwa kufuata mwendo wa mshale wa saa. Saa huwa ileile kila siku. Baada ya wiki kadhaa utumbo huzoea, na mtu anaweza kwenda kanisani, msikitini au mnadani bila hofu ya kuaibika njiani.

Nani aifanye? Hapa ndipo mambo hukwama, na si kwa sababu ya fedha. Mama kumwingizia kidole mwanawe mwenye ndevu ni jambo zito. Mkwe hawezi kabisa. Mke anaweza, lakini akichoka na kuondoka, nyumba nzima hubaki ikitazamana. Jawabu ambalo wataalamu wa tiba ya viungo wamelisisitiza kwa muda mrefu ni rahisi: aliyepooza miguu tu ana mikono, basi afundishwe ajihudumie mwenyewe. Wengi huweza. Kijana aliyeweza kushika tindo na nyundo chini ya ardhi hatashindwa na glavu na sabuni, na heshima anayojirudishia kwa kufunga mlango na kumaliza shughuli yake peke yake, hakuna dawa inayoweza kuileta.

Choo chenyewe ni mtihani. Choo cha shimo cha kuchuchumaa hakina nafasi kwa mtu asiyehisi miguu. Fundi seremala wa Kakola anaweza kutengeneza kiti chenye tundu na ndoo chini yake kwa mbao na misumari, ila sharti kiwekwe sponji kuzunguka tundu. Mbao tupu chini ya makalio yasiyohisi hutoboa ngozi kwa muda mfupi mno. Kinyesi kikigusa kidonda hicho kila siku, usaha huingia hadi mfupani. Vidonda vya mgandamizo ndivyo vinavyowarudisha wengi hospitali, na vimewapeleka wengi makaburini.

Chakula cha ukanda huu kinasaidia kuliko watu wanavyofikiri. Ugali wa mtama au wa dona, mlenda, maharage, viazi vitamu na michembe yake, mapapai, na mananasi ambayo Geita inasifika kwayo: vyote vina makapi yanayokipa choo umbo. Lakini makapi bila maji ni hatari kwa utumbo mlegevu, hukaukia ndani yakawa gogo. Na maji ndiyo yanayopunguzwa kwanza. Mgonjwa aliyevalishwa mpira wa mkojo huogopa kunywa asijaze mfuko. Asiye na mpira huogopa kulowa. Katika joto la Shinyanga, anayekunywa kikombe kimoja kutwa anajitafutia choo kigumu na mawe ya kibofu kwa pamoja.

Kuna kosa moja linalorudiwa majumbani na hata kwenye maduka ya dawa. Mgonjwa hakupata choo kwa siku nyingi, kisha ghafla anaanza kuharisha majimaji. Familia inafurahi kwamba tumbo limefunguka, au inanunua vidonge vya kuzuia kuharisha. Kumbe kinyesi kigumu bado kimeziba, na majimaji yanapita pembeni yake. Dawa ya kuzuia huongeza kizuizi. Kipimo chake ni kidole chenye glavu, basi. Vilevile dawa za mitishamba zinazopigwa kwa bomba kupitia njia ya haja kubwa ni za kuepukwa kabisa kwa mtu asiyehisi, kwa kuwa zikiwa moto au kali zitaunguza utumbo na yeye hatasema.

Kwa aliyeumia shingoni au kifua cha juu, kwenye pingili ya sita ya kifua na kuendelea juu, utumbo uliojaa unaweza kuua kwa njia isiyotarajiwa. Kibofu au utumbo ukitanuka, ishara za usumbufu hupanda hadi kwenye jeraha na kukwama. Mwili chini ya jeraha hujibu kwa kubana mishipa ya damu, na ubongo hauwezi kutuma amri ya kuiachia. Presha hupaa. Mgonjwa hupatwa na kichwa kinachogonga, uso huwa mwekundu na kuloa jasho, huku miguu ikiwa ya baridi. Kiharusi kinaweza kufuata. Hatua ya kwanza si kidonge: akalishwe wima papo hapo, nguo zinazobana zilegezwe, mpira wa mkojo ukaguliwe kama umejikunja, kisha utumbo ukaguliwe kwa upole, kwa jeli ya ganzi ikiwepo. Presha ya kawaida ya watu hawa huwa ya chini, kwa hiyo kipimo ambacho kwa mtu mwingine kingeonekana cha kawaida, kwao chaweza kuwa tahadhari. Wahudumu wengi wa zahanati hawajawahi kukutana na hali hii, na ndugu anayeijua ndiye atakayewaeleza.

Koo ni habari nyingine, na mara nyingi si ya kiuno bali ya shingo na kichwa.

Kumeza tonge huchukua sekunde chache na huhusisha jozi karibu 30 za misuli, zikiongozwa na neva tano zinazotoka moja kwa moja kwenye ubongo. Ulimi husukuma nyuma, kaakaa laini huziba njia ya pua, zoloto hupanda na kufunga njia ya hewa, umio hufunguka. Ukichelewa mmoja, mtu hupaliwa. Aliyevunjika shingo hulishwa akiwa amelala chali na kola ngumu, pengine amepasuliwa kwa mbele ya koo au ametobolewa bomba la hewa, na kila kimoja kati ya hivyo huvuruga mpangilio. Aliyepigwa na jiwe kichwani au kuanguka na bodaboda bila kofia ngumu anaweza kuwa na mifupa mizima kabisa na bado asiweze kumeza mate yake. Mwaka 2010 madaktari wa upasuaji wa Bugando walikwisha kuandika kuhusu ajali za pikipiki jijini Mwanza kama janga jipya la afya, na tangu hapo bodaboda zimeenea hadi kila kitongoji cha wachimbaji.

Kundi kubwa zaidi la wenye koo lililopotea njia ni la wagonjwa wa kiharusi, ambacho nacho ni jeraha la ubongo. Utafiti mkubwa uliofanyika Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulionyesha kwamba kiharusi Tanzania si ugonjwa wa Wazungu wala wa matajiri: kiwango kilichopimwa Dar es Salaam kilikuwa miongoni mwa vya juu duniani. Karibu nusu ya waliopatwa na kiharusi hushindwa kumeza vizuri siku za mwanzo. Wengi hupona koo ndani ya wiki chache, kama hawajauawa kwanza na nimonia.

Na kinachowaletea nimonia mara nyingi ni kitu kinachotolewa kwa huruma: maji. Maji ni mepesi, hukimbia kuliko misuli iliyochelewa, huingia kwenye njia ya hewa. Uji mzito wa ulezi au wa dona hutelemka polepole na kuipa zoloto muda wa kupanda. Supu yenye vipande vya nyama ni mbaya zaidi ya vyote viwili, kwa kuwa ina kimiminika na kigumu kwa pamoja. Mgonjwa akalishwe wima, kidevu kikiinamishwa kidogo kuelekea kifuani. Desturi ya kurudisha kichwa cha mgonjwa nyuma na kummiminia hufungua njia ya hewa badala ya kuifunga. Kijiko kiwe kidogo, cha pili kisifuate kabla cha kwanza hakijamezwa, na akimaliza abaki wima nusu saa. Kinywa kipigwe mswaki hata kama hali chochote, maana mate yenye vijidudu yakiingia mapafuni huleta nimonia ileile.

Dalili ni kukohoa wakati wa kula, sauti inayokuwa na majimaji baada ya kunywa, chakula kubaki shavuni, homa zinazojirudia. Lakini wapo wanaopaliwa bila kukohoa hata kidogo, kwa kuwa neva za koo zimekufa ganzi. Kabla ya kinywaji cha kwanza baada ya kiharusi au jeraha la kichwa, muuguzi ampime kwa kijiko cha maji, amsikilize sauti, arudie. Akishindwa, mpira wa kulishia wa puani ni msaada wa muda. Familia nyingi huuona kama hukumu ya kifo na huukataa, na kukataa huko kumegharimu maisha.

Zebaki nayo imo katika hesabu hii ya majeraha ya ubongo. Mwaloni, mchanganyiko wa dhahabu na zebaki huchomwa kwenye mkaa, na mvuke wake huvutwa hadi mapafuni, ukafika ubongoni. Mwaka 2003 watafiti waliofika Rwamagasa, Geita, katika mradi wa Umoja wa Mataifa, walikuta wachomaji wenye mikono inayotetemeka na mwendo usio imara. Mate kujaa kinywani na fizi kuuma ni dalili za zamani za sumu hiyo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Mkataba umechukua jina la mji wa Japani ambako zebaki iliyoingia kwa samaki iliharibu ubongo wa watu hadi kusema na kumeza kukawa shida.

Lakini si kila kupooza miguu kunagusa utumbo, na mfano wake hauko mbali. Mwaka 1985, katika ukame, wakazi wa Tarime mkoani Mara walikula muhogo mchungu ambao haukuwa umeandaliwa vya kutosha, na baadhi yao wakapooza miguu ghafla kwa ugonjwa uitwao konzo. Miguu ilikakamaa kwa maisha yao yote, ila haja ndogo na kubwa hazikuvurugika. Sumu ilichagua nyuzi za mwendo ikaziacha za tumbo. Jiwe la duarani halichagui. Huweza kuponda ugwe wote kwa pigo moja.

Kabla ya Vita Kuu ya Pili, madaktari wa Ulaya walimhesabu askari aliyevunjika uti wa mgongo kuwa marehemu anayesubiri siku yake. Mwaka 1944 Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler, alifungua kitengo chake Stoke Mandeville, Uingereza. Hakuwa na dawa ya kuunga ugwe, na hadi leo haipo. Alichokuwa nacho ni ratiba: kugeuzwa kila baada ya saa mbili, kibofu kuangaliwa kwa usafi, utumbo kuhudumiwa kwa saa maalumu, misuli kufanyishwa kazi. Wagonjwa wakaanza kuishi, kisha wakaanza kucheza michezo, na kutoka hapo ikazaliwa Paralimpiki. Hakuna lolote katika ratiba ile linalohitaji mashine isiyopatikana Kahama.

Kinachokosekana ni watu na malipo. Wataalamu wa kumeza nchini ni wachache mno. Majeraha makubwa ya mgongo hupelekwa Bugando, au mbali zaidi, hospitali ya KCMC, Moshi, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, na mgonjwa akishatoka huko hurudi kijijini ambako zahanati haina hata glavu za kutosha. Utafiti wa KCMC kuhusu majeraha ya uti wa mgongo kaskazini mashariki mwa nchi uliyaweka maanguko mbele ya ajali za barabarani. Ukanda wenye maelfu ya maduara wima ungetegemewa kujiandaa kwa majeraha hayohayo.

Kwenye malipo, ukuta unaotenganisha pande mbili za uzio wa Bulyanhulu ni mrefu. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015 chini ya sheria ya mwaka 2008, humlipia mwajiriwa aliyeumia kazini matibabu, pensheni ya ulemavu na hata malipo ya mtu wa kumhudumia. Mchimbaji wa mgodi mkubwa yumo. Mchimbaji mdogo anayelipwa kwa mgawo wa mifuko ya mawe, bila mkataba wala mwajiri anayemchangia, hayumo. Pampasi, glavu, dawa za kulainisha choo na nauli ya kwenda Mwanza vinatoka kwenye ng'ombe wa baba yake, mmoja baada ya mwingine. Wamiliki wa leseni za maduara, ambao wanajua kununua matimba ya kuegemezea maduara na kukodi karasha za kusagia mawe, wanaweza kuchangia mfuko wa majeruhi kwa kila mzigo unaotoka. Ni aibu kwamba jambo hilo bado halijawa kawaida.

Mwenye mgonjwa wa namna hii wodini asipokee karatasi ya ruhusa kwa haraka. Aombe iandikwe humo jeraha liko kwenye pingili ipi na utumbo ni wa kukaza au wa kulegea. Amwombe muuguzi aonyeshe mara moja namna ya kutoa choo na namna ya kulisha, kisha mgonjwa au ndugu afanye mwenyewe muuguzi akitazama. Akikosea, ni afadhali akosee hapo.